Ya Onema Imekufa

Ndege ilikuwa imekwisha kuiacha ardhi ya Kindu, na Onema alikuwa amebandika uso kwenye kidirisha kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mama Joëlle, tazama! Muto Lualaba njo ile! Imekuwa kama mukanda wa suruali!"

"Ninaiona."

"Unaiona namna gani? Umefunga macho."

Kweli alikuwa amefumba. Mkewe, Scholastique, alivaa kitenge kipya cha rangi ya kahawia na kilemba kirefu kilichomsumbua abiria wa nyuma, na wala hakuogopa ndege. Alikuwa anapanga maneno. Binti yao Joëlle, aliyeolewa Bruxelles, ndiye aliyewaita watembee Ulaya kabla magoti hayajakataa. Onema, mstaafu wa reli, aliwaza bahari na makanisa makubwa. Scholastique, aliyefundisha watoto mpaka chaki ikamkaa kifuani, alimwaza mwanamume mmoja tu, Godefroid, ambaye watu walimwambia anaishi huko. Ulaya ni pana, lakini kisasi kina miguu yake.

Yeye na Onema walikutana stesheni ya Kindu, siku watu walipokuwa wanasukumana kuingia behewa. Mtu alimkanyaga kidole, akageuka kutukana, akakuta kijana mrefu mwenye kofia ya reli.

"Pole, dada. Mguu wangu haukukuona."

"Na macho yako?"

"Macho yalikuona mapema. Njo maana mguu ulipotea njia."

Wakaoana. Kisha vita ikaja, treni zikakoma, mji ukazingirwa, chumvi ikawa kitu cha kuota usingizini. Onema akafanya kama wanaume wengi: akachukua kinga, ile baiskeli kubwa inayofungwa fimbo kwenye usukani na kusukumwa na mtu anayetembea, akapakia mafuta ya mawese, akashika njia ya Lubutu kwenda Kisangani. Habari za wasafiri zilipita kwa phonie, redio ya kuitana, na aliyeketi kwenye phonie alikuwa Godefroid, rafiki yake wa ujana, mtu ambaye shati lake lilipigwa pasi hata siku ya risasi.

Siku moja Godefroid aliingia uani kwa Scholastique, kofia mkononi.

"Ya Onema imekufa," akasema. "Kule Lubutu."

Kindu kila kitu kinakufa, na "imekufa" husemwa kwa mtu kama kwa kitu. Saa inakufa, taa inakufa, pampu inakufa. Na "Ya", kifupi cha "Yaya", ni neno la kumheshimu aliyekuzidi umri: Ya Onema, Ya Idrissa. Basi maneno yale yangeweza kumaanisha kwamba kitu fulani cha Onema kimeharibika, au kaka Onema ameiaga dunia. Masikio ya mke wa mtu wakati wa vita hayangoji kuchagua. Scholastique alianguka chini akipiga kelele. Majirani wakajaa. Euphrasie, dada mkubwa wa Godefroid, akamnyoa kichwa kama desturi inavyotaka, akalala naye mkekani mpaka matanga yakaisha. Godefroid akaleta kuni, akaleta sukari, akaleta maneno matamu. Nywele hazijafika urefu wa ukucha, Scholastique akasema ndiyo.

Wakati jamaa wanajiandaa kuleta mahari, Onema akatokea barabarani, mifupa mitupu, anasukuma kinga. Ujumbe alioutuma ulikuwa huu: kinga ya Onema imekufa, atakawia. Godefroid akaapa kwamba phonie ilikwaruza, kwamba alisikia vile alivyosema. Baadaye akahama mji, na baadaye tena akahama nchi. Onema alimrudisha mkewe ndani na hakumuuliza swali hata moja. Shangazi zake ndio waliouliza kwa niaba yake, kwenye kila harusi na kila kilio: "Yule aliyemuzika bwana akiwa muzima, leo anazika nani?" Scholastique alizeeka nayo hayo. Akataka kitu kimoja kabla ya kufa: Godefroid atamke mbele ya Onema kwamba alilisikia neno kinga.

Bruxelles waliona nyumba zenye dhahabu ukutani, na wakapelekwa kuona sanamu ya kitoto cha shaba kinachokojoa.

"Tumepita juu ya mawingu kuja kuona mutoto anakojoa?" akauliza Scholastique. "Kwetu wako wangapi, na bila tiketi?"

Onema alicheka mpaka akakohoa. Siku waliyopelekwa pwani bahari ikamlowesha suruali, akacheka tena. Halafu ikawa Jumamosi, wakaenda mtaa wa Matonge kutafuta sombe, majani ya muhogo. Mtaa umejaa Wakongo, muziki kila mlango, wanawake wanasukwa nywele, samaki wa chumvi wananuka vizuri. Kwenye mlango wa duka akasimama mzee mwenye suti ya rangi ya haradali na viatu vyeupe.

"Ya Onema! Mungu wangu! Schola!"

Godefroid alimkumbatia Onema, na Onema, moyo wake ule ule, akamkumbatia kwa mikono miwili.

"Kesho mutakula kwangu, muji wa Liège," akasema Godefroid. "Bibi yangu Francine atawapikia lituma ya ndizi za kuponda. Nisipowaona nitakufa."

"Tutakuja, shemeki," akasema Scholastique, na akatabasamu meno yote.

Mezani Godefroid aliwasimulia wageni wake namna alivyomzika rafiki yake akiwa hai. Aliigiza phonie kwa mdomo, "krrr, krrr," na Francine akafuta machozi ya kicheko.

"Shemeki," akasema Scholastique, "hukusikia neno kinga?"

"Kama ningesikia kinga, ningekuja na fundi!"

Meza nzima ikalipuka. Na Onema pia alicheka. Hapo ndipo Scholastique aliposikia kitu kinavunjika ndani yake kama kijiti.

Walilala kwa Joëlle, na Jumatatu Godefroid akaja kuwachukua awaonyeshe maporomoko ya maji milimani. Njiani, penye mwinuko, gari likakohoa, likatoa moshi, likazima. Godefroid akainama kwenye injini na viatu vyake vyeupe. Onema akavuka barabara kupiga picha ng'ombe. Scholastique akaketi kwenye majani, akapiga simu Kindu.

"Yaya Euphrasie? Ni Schola."

"Schola yangu! Habari ya Bulaya?"

"Mutandao iko mubaya, sikiliza. Ya Godefroid imekufa."

"Unasema nini?"

"Ya Godefroid imekufa. Hapa barabarani."

Angeweza kuongeza neno moja, gari. Alilishika ulimini kama pilipili. Kule Kindu kilio kikapasuka, kikaitikiwa na kilio kingine, na cha tatu. Scholastique akakata simu, akafunga vizuri kilemba chake, akaenda kutazama ng'ombe pamoja na mumewe.

Mwenye gari la kuvuta mabovu alipowarudisha Liège, saa za mchana zilikuwa zimekwenda, na simu ya Godefroid ilikuwa imejaa picha yake mwenyewe yenye mshumaa wa matanga. Akampigia mpwa wake Jérôme.

"Jérôme, ni mimi mujomba wako!"

"Mwizi weye! Rudisha telefone ya marehemu! Hata maiti hamuiheshimu?"

Ikakatwa. Godefroid akageuka, uso umekuwa majivu.

"Schola. Nilikuona na telefone kule barabarani. Ulisema nini Kindu?"

"Nilimuambia Yaya Euphrasie, ya Godefroid imekufa. Gari yako si imekufa? Mutandao ilikwaruza. Krrr, krrr."

"Ungeweza kumupigia tena! Neno moja tu! Muntu anasikia dada yangu analia vile, na ananyamaza namna gani?"

"Niambie weye," akasema Scholastique. "Ulinyamaza namna gani?"

Pale sebuleni Francine aliweka chini sinia. Godefroid aliangalia viatu vyake vyenye mafuta.

"Nilisikia kinga," akasema mwishowe. "Nilisikia vizuri. Nilitaka kumalizia. Lakini Schola alianguka, nikajiambia nitasema kesho. Na kesho yake alikuwa ananiegemea begani."

"Umesikia, Baba Joëlle?" Sauti ya Scholastique ilitetemeka kwa ushindi. "Umesikia kwa masikio yako?"

Onema alimpita mkewe. Akamwambia Godefroid, "Pigia dada yako kwa picha. Akuone."

Euphrasie alipotokea kwenye kioo, kichwa chake kilikuwa kimekwisha kunyolewa, kina michirizi miwili ya damu mahali wembe ulipoteleza. Alimtazama ndugu yake. Kisha akamwona Scholastique nyuma yake.

"Schola," akasema. "Nililala na weye mukekani."

Kioo kikawa cheusi.

Kwenye treni ya kurudi, taa za mji zilipoanza, Onema alimgeukia mkewe.

"Ulikuwa unatafuta nini, sheri wangu?"

"Ujue. Hukuniuliza hata siku moja."

"Ningeuliza nini? Niliingia uani nikakuta nywele zako ni fupi kama za mufungwa. Nikajiambia, huyu alinililia. Wanaume wangapi wanarudi kuona namna walivyoliliwa?" Akatazama dirishani. "Nilikuwa na furaha hiyo miaka yote. Shangazi zangu waliimba bure."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua."

Scholastique alilia bila sauti, kilemba kimelala upande. "Lakini sijuti kwa Godefroid," akasema.

"Na kwa Euphrasie?"

Scholastique akanyoosha kilemba chake. Onema akachukua mkono wake hata hivyo, akauweka gotini pake.

"Kesho tunarudi baharini," akasema. "Telefone utaacha nyumbani."

Godefroid bado yuko Liège. Hajatia mguu Kindu. Francine hakumwacha, ila haongei naye mbele ya wageni. Jérôme alikwenda kuchimba dhahabu kwenye machimbo ya Kama na ana watoto wanne. Kati ya shangazi za Onema, mmoja amefariki na mwingine amekuwa kiziwi. Joëlle aliwatumia wazazi tiketi nyingine, wakaenda Ureno kumtembelea fundi mmoja wa zamani wa reli, na Onema akaiona bahari mara ya mwisho kabla macho yake hayajaingia ukungu. Sasa mkewe humwongoza kwenda kanisani. Euphrasie anauza samaki sokoni Kindu. Anapita mlangoni kwa Scholastique kila asubuhi na hasalimu. Scholastique hajaenda kuomba msamaha.