Nati Zilizojificha Nyuma ya Rimu

Jamani, hili msilisome mkiwa mmesimama! Kaeni kwanza.

Mama mmoja alikuwa na gari la kizamani, lile la tumbo kubwa na taa za duara mbele. Aliachiwa na baba mkwe wake. Kila asubuhi alipita nyumba kwa nyumba akichukua watoto wa chekechea. Wazazi walimwamini. Walimkabidhi watoto wao, wakarudi ndani bila wasiwasi.

Mumewe alikuwa mpaka rangi. Mtu huyo na rangi, weee! Alishapaka milango, meza, ndoo, hata banda la kuku. Kuku wenyewe walipona kwa sababu wana mbio.

Siku moja alirudi na rimu nne za magurudumu, za aloi, zinang'aa kama kioo.

"Mama watoto, njoo uone! Gari letu linavaa viatu vipya."

"Mbona matundu yake hayalingani na bolti za gari?"

"Ndiyo maana nimeleta adapta!"

Adapta ni pande nene la chuma, la duara. Kwanza unalifunga kwenye gari kwa nati za ndani. Halafu unafunga rimu juu yake kwa nati za nje. Ukimaliza, nati za ndani huzioni tena. Rimu imezifunika.

Baba alizipaka adapta rangi ya fedha, mbele na nyuma. Hata habu, pale gurudumu linapoegemea, aliipaka rangi nzito. "Zisipate kutu," alisema. Kisha akafunga kila kitu, jasho likimtoka.

Gari lilipotoka, majirani walishika videvu. Lilipendeza, usiseme! Lakini wiki haikuisha, mama akaanza kusikia mlio chini. Tak. Tak-tak. Na usukani ukatetemeka mikononi.

Alisimama, akachukua spana, akajaribu nati za nje. Zote zimekaza kama ngumi ya bahili. Akaendelea na safari. Tak-tak-tak.

"Ni kijiwe kwenye tairi," baba alisema alipoambiwa.

"Kijiwe gani kinatetemesha usukani?"

Mchana, baada ya kuwashusha watoto wote, mama aliendesha polepole hadi gereji ya wifi yake. Baba alikaa pembeni, amenuna. Wifi huyo, dada yake baba, alikuwa fundi wa magari, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Karibu, wifi! Umeleta gari au bibi harusi?"

"Acha utani leo. Sikiliza gurudumu la mbele."

Wifi aliweka jeki, akafungua nati za nje, akavuta rimu. Kabla hajaiweka chini, nati moja ya ndani ilidondoka yenyewe. Ikabingirika sakafuni hadi kwenye kiatu cha baba.

Baba aliinama, akaiokota.

Wifi aligusa nati ya pili kwa kidole. Kidole tu, jamani! Ikazunguka. Ya tatu pia. Adapta nzima ilikuwa inacheza.

Mama aligeuka akatazama ndani ya gari. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kandambili moja ndogo iliyosahauliwa. Akakaa chini, hapo hapo penye grisi.

"Asubuhi walikuwa humu," alisema. "Wote walikuwa humu."

"Lakini mimi nilikaza!" baba alilia. "Nilikaza mpaka mkono ukauma!"

"Ulikaza rangi, kaka," wifi alisema, sasa bila kucheka. "Chuma kinatakiwa kigusane na chuma. Rangi ni laini. Gari likitembea, inasagika. Ikisagika, nafasi inabaki, na nati inalegea. Je, baada ya kutembea kidogo, ulifungua rimu ukakaza tena za ndani?"

"Si nilishafunga?"

"Hata ndoa ulifunga mara moja, lakini mkeo unamjulia hali kila siku."

Mama alishika simu.

"Unampigia nani?" baba aliuliza.

"Wazazi. Kesho sipiti."

"Watatafuta gari lingine! Utapoteza wateja!"

"Heri nipoteze wateja."

Baba alivua shati, akaomba brashi ya chuma, akaanza kukwangua rangi yake mwenyewe.

Wifi alikagua kila kitu. Alipima adapta kwenye habu. Tundu la katikati lilikaa sawasawa, bila kucheza. Alihakikisha adapta zinabeba uzito wa gari kama lile, na midomo ya nati inaingia vizuri kwenye matundu ya rimu. Bolti zilizolika alizibadilisha. Mwisho alikaza nati kwa msalaba, moja huku, nyingine upande wa pili, kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza.

"Sasa tembeeni bila abiria, kisha mrudi. Tutafungua tena."

Kesho yake mume na mke walizunguka na gari tupu asubuhi nzima. Walirudi, rimu zikavuliwa. Mama mwenyewe alishika spana yenye kipimo, akajaribu nati za ndani, moja moja. Hakuna iliyosogea.

"Mkague tena baada ya safari chache," wifi alisema. "Na mlio wowote, simama. Fungua mpaka ndani."

Wazazi wawili walikuwa wamekasirika. Mama aliwaeleza kila kitu, bila kuficha. Mmoja alishika kichwa. Mwingine alimkumbatia tu.

Asubuhi iliyofuata gari lilijaa tena. Watoto walipiga kelele kama soko.

"Nyamazeni kidogo!" mama alisema. Wakanyamaza. Akatega sikio, mikono kwenye usukani. Gari likapita kona, likapita tuta.

Kimya.

"Haya," akasema, na pumzi ikamtoka. "Endeleeni!"