Sketi Iliyobanwa Mara Nne

Nyumbani kwetu kuna cherehani moja, bomba moja linalovuja na watoto wawili. Cherehani ni ya Mama. Yeye ni fundi wa nguo, na chumba cha mbele ndicho kazini kwake. Bomba ni la Baba. Yeye ni fundi bomba wa mtaa mzima, kwa hiyo nyumbani hapati nafasi. Watoto ni Dada na mimi. Dada ana miaka kumi na saba, anasoma shule ya kutwa. Mimi nina kumi na mitano, nasoma bweni. Nyumbani naitwa Balaa. Sijui kwa nini.

Muhula ule nilirudishwa nyumbani wiki tatu kabla ya likizo, kwa sababu ya kuku mmoja na kabati la mwalimu mkuu. Baba alinitazama kwa muda mrefu.

"Kuku?" akauliza.

"Kuku, Baba."

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

Baba akaficha uso kwenye kikombe cha chai. Mabega yake yakatikisika. Nadhani alikuwa analia kwa aibu.

Dada hakucheka. Hapo ndipo ningeshtuka, kama ningekuwa na akili. Dada ana kicheko cha hatari, kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Kiliwahi kumfanya mteja wa Mama aondoke na kiatu kimoja. Lakini siku ile alitabasamu tu, akafunga vifungo vya sweta. Nje jua lilikuwa linachoma.

Jioni tulikula wali, maharage na mayai ya kuchemsha. Mama alipoinuka kuleta maji, Dada aliniinamia sikioni.

"Balaa, nimeshiba. Nilikula shuleni. Nisaidie leo tu."

Bweni kuna ufundi ambao haumo katika masomo. Unaitwa kuhamisha. Sahani mbili zinagusana, kijiko kinapita mara mbili, na wali unabadilisha makazi. Kiranja akifumbua macho baada ya sala, kila kitu kimetulia. Nami nilikuwa na njaa ya bweni. Njaa ya bweni haiulizi maswali.

Leo tu ikawa kesho. Kesho ikawa kila siku.

"Usimwambie Mama," Dada alinisihi. "Wewe peke yako ndiye unayenielewa."

Nikajiona mtu mkubwa. Nikala kwa uaminifu.

Baba aliona kwamba Dada anachezea chakula. Alikuwa na dawa moja tu, kukaza, kama anavyokaza mabomba.

"Kula! Mbona unachokoachokoa kama umepoteza pete humo?"

Dada alilia. Mama alimgeukia Baba. "Utamkaripiaje mtoto mezani?" Baba alijitetea, Mama akajibu. Wakati huo hakuna aliyetazama sahani. Ule ndio ulikuwa wakati mzuri zaidi wa kuhamisha.

Mama naye alikuwa na dawa yake. Sketi ya shule ya Dada ilikuwa inateleza kiunoni. Mama aliichukua, akaibana pande zote mbili, akaipiga pasi.

"Mtoto wa fundi haendi shule na nguo inayoning'inia," alisema.

Ilipolegea tena, aliibana tena. Kila alipoibana, Dada alionekana nadhifu, na sisi sote tulisahau. Mimi nilipofika nyumbani, sketi ilikuwa imeshabanwa mara tatu.

Likizo ilipoanza, Mama aliibana mara ya nne. Siku hiyohiyo nilimpelekea suruali yangu. Kifungo kilikuwa kimeruka na kumpiga paka. Mama aliiweka mezani aifumue na kuipanua, pembeni ya sketi.

Ndipo akaingia Nesi. Ni jirani yetu wa nyumba ya tatu, anafanya kazi zahanati. Alikuja kujaribu sare yake mpya. Ni mama mwenye macho yasiyosahau kitu. Alizitazama zile nguo mbili.

"Fundi, sketi hii ni ya nani?"

"Ya binti yangu."

Nesi aliigeuza ndani nje. Alipitisha kidole juu ya mistari ya matundu ya sindano. "Moja, mbili, tatu, nne. Umeibana mara nne? Tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa mwaka."

"Na suruali hii unaipanua ya nani?"

"Ya Balaa."

"Huyu ananenepa, yule anapungua. Mezani wanakaa wapi?"

"Pamoja," Mama alisema. Sauti yake ilikuwa imeshapungua.

Nesi alinigeukia. "Balaa, njoo hapa, baba. Unakula sahani ngapi?"

Nimewahi kuhojiwa na mwalimu mkuu, mwalimu wa zamu na mwenye kuku. Sikusema neno. Lakini wakati ule Dada aliingia na ndoo ya maji. Aliiweka chini, akashika mlango kwa mikono miwili, akafumba macho. Midomo yake haikuwa na rangi. Alikuwa amevaa sweta mbili.

Nilikuwa nimemwahidi. Lakini niliitazama ile mikono kwenye mlango.

"Mbili," nikasema. "Yangu na yake."

"Balaa!" Dada alisema.

Sijawahi kupigwa kofi likauma kama jina langu siku ile.

Nesi alimkalisha Dada kwenye kiti cha cherehani. Alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake.

"Moyo wako unapiga polepole mno, mwanangu. Ukisimama unasikia kizunguzungu?"

Dada aliuvuta mkono wake, akauficha ndani ya sweta.

"Kila siku?"

Akaitikia kwa kichwa. Nesi akamuuliza pia kuhusu nywele zinazokatika, baridi isiyokwisha, na siku zake za mwezi. Nilitakiwa nisisikie hilo la mwisho. Nilisikia. Zilikuwa zimesimama miezi minne.

"Tunaenda hospitali leo," Nesi alisema. "Si kesho."

Mama alikuwa ameikumbatia ile sketi. "Ni mimi. Nimemficha mwanangu kwa mikono yangu mwenyewe."

"Sikiliza, Fundi. Huu ni ugonjwa. Si maringo wala ukaidi, na si kwamba umemlea vibaya. Unaingia akilini, unamtia mtu hofu ya chakula hata mwili ukiomba. Unawapata wasichana na wavulana, wembamba kwa wanene. Ukiachwa, unaweza kuua. Ukitibiwa mapema, watu wanapona. Uliibana sketi kwa mapenzi. Sasa tutayatumia hayohayo mapenzi vizuri zaidi."

Daktari alipima moyo, presha na damu. Alimlaza Dada siku sita. Baba alitaka kuleta chakula cha harusi nzima, lakini daktari alimzuia.

"Mwili uliokaa na njaa muda mrefu haujazwi kwa pupa, mzee. Unaweza kudhurika. Tutapanga kiasi na kuongeza kidogo kidogo, huku tukipima damu."

Kabla Dada hajaruhusiwa, tuliitwa kwa mshauri wa hospitali. Alikuwa kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa utepe. Baba alisimama mlangoni.

"Sisi tungoje nje?"

"Mkiwa nje mtamsaidiaje? Ingieni wote."

"Hata huyu?" Baba alininyooshea kidole.

"Huyu hasa."

Tuliketi. Dada alitazama dirishani. Hakuwa ameniambia neno tangu siku ya sketi.

"Zamani wazazi wa wagonjwa kama hawa waliwekwa kando," mshauri alisema. "Wengine walilaumiwa. Siku hizi tafiti zimeonyesha kwamba vijana wengi wanapona vizuri zaidi familia ikiingia katika matibabu. Kwa sasa hofu ni kubwa kuliko binti yenu. Kwa hiyo ninyi wazazi mtamshikia usukani. Mtapanga chakula, mtapakua, mtakaa naye mpaka amalize. Milo mitatu, na vitafunio katikati. Akipata nguvu, mtamrudishia usukani taratibu."

"Akikataa?" Baba aliuliza. "Nikipandisha sauti kidogo, huo ugonjwa hautaogopa?"

"Ugonjwa hauna masikio, mzee. Anayesikia ni binti yako."

Baba alitazama viatu vyake.

"Na tusimseme mwili," mshauri aliendelea. "Tusimwambie amekonda, wala kwamba amenenepa amependeza. Ongeeni mambo mengine."

Nikainua mkono. "Na mimi? Nimchunge asihamishe chakula?"

"Hapana. Wewe si askari. Chakula ni kazi ya wazazi. Wewe ni ndugu yake. Saa moja baada ya kula ndiyo ngumu kwake, hofu inapanda. Kaa naye saa hiyo. Unajua kufanya nini?"

Baba alikohoa. "Kuku," akasema.

Sitasema kwamba mambo yalikuwa rahisi. Chakula cha mchana cha kwanza nyumbani kilichukua saa moja na dakika arobaini. Mama alikaa kulia kwa Dada. Baba alikaa kushoto. Mimi nilihamishiwa upande wa pili wa meza, mbali na sahani zote isipokuwa yangu. Mteja alipiga simu kwamba tangi lake linamwaga maji. Baba alizima simu.

"Siwezi," Dada alisema.

"Najua ni vigumu, mwanangu," Baba alisema. Sikujua kwamba ana sauti ile. "Kijiko kimoja. Nipo hapa."

"Baba, siwezi! Mnanitesa!"

"Nipo hapa."

Dada alisukuma sahani. Mama aliirudisha polepole, bila neno. Machozi ya Dada yalidondokea kwenye wali, na ya Baba kwenye ndevu. Kijiko kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena.

Baada ya hapo ilikuwa zamu yangu. Niliketi naye kwenye mkeka, yeye akitazama ukuta. Siku ya kwanza nilimsomea kitabu cha maelekezo ya cherehani kwa sauti ya hotuba ya msiba. Ukuta ulisikiliza. Siku ya tatu nilivaa gauni la bi harusi la mteja wa Mama, nikapita mbele yake kwa maringo. Mama alinifukuza kwa rula ya futi tatu. Ukuta haukucheka. Siku ya saba nililitungia bomba letu wimbo, kwa mapigo yake ya tone, tone, tone.

Siku ya kumi niliishiwa. Nikamsimulia ukweli wote wa yule kuku, ambao sijamwambia mtu mwingine. Alikaa kabatini tangu asubuhi. Mwalimu mkuu alipofungua kuchukua daftari la mahudhurio, alimkuta kuku amelalia daftari lililofunuliwa. Chini yake kulikuwa na yai.

"Yai?" Dada aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu siku ya sketi.

"Juu ya jina langu. Mwalimu mkuu akauliza, 'Na huyu naye yupo?'"

Kwanza mabega yake yalitikisika. Kisha mbuzi akakanyagwa mkia. Kule mbele cherehani ilisimama ghafla. Mama alikuja mbio na sindano mdomoni, akasimama mlangoni.

Dada alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli.

"Ulinisema, Balaa."

"Nilikusema."

"Nilikuchukia."

"Najua. Niliogopa utaisha kabisa, nibaki na wali."

Alinipiga kwa mto. Mto ule nimeusamehe.

Si kwamba tulipona siku hiyo. Nasema tulipona, kwa sababu sote tulikuwa tunajifunza. Wiki ya tano shangazi alikuja, akapiga makofi ya furaha. "Haa, umenenepa, umependeza!" Dada aliiacha sahani yake, na kesho yake ilikuwa vita. Mama alimfuata shangazi hadi kwake, akamweleza taratibu. Shangazi alipokuja mara ya pili, alisimama mlangoni akitafuta neno salama. "Haya," akasema hatimaye, "bomba lenu bado linavuja?" Tukampigia makofi.

Nilirudi bweni. Kila Jumapili nilimwandikia Dada barua ya habari za uongo kuhusu shule, naye alizisoma saa ile baada ya chakula. Kila wiki Mama na Baba walikwenda naye kwa mshauri, na daktari alimpima. Kuna wiki aliteleza. Walirudi kwenye kijiko kimoja, na "nipo hapa".

Likizo iliyofuata nilikuta cherehani imefunikwa kitambaa cha bluu. Nilikitambua. Ilikuwa ile sketi. Mama aliikata, akaifanya kifuniko. Mistari minne ya matundu bado inaonekana ukikishika kwenye mwanga. Dada alikuwa na sketi mpya, yenye mpira kiunoni. Haina namba ya kipimo popote. Inamfuata inavyomkuta.

"Amepona?" nilimnong'oneza Mama.

"Bado yuko njiani. Siku hizi anajipakulia mwenyewe asubuhi. Mengine bado tunamshikia."

Jioni tuliketi mezani. Wali, maharage na mayai ya kuchemsha. Nilikuwa nimerudishiwa kiti changu cha zamani, karibu na Dada, kwa masharti. Baba alikuwa anaeleza habari ya choo kilichoziba, jambo ambalo Mama huwa anakataza mezani. Wakabishana kidogo. Hakuna aliyetazama sahani.

Nikahisi kitu. Sahani mbili ziligusana. Kijiko kilipita mara moja, haraka, kwa ufundi wa hali ya juu.

Nikatazama chini. Yai langu halikuwepo.

Dada alikuwa anatafuna, macho yake darini, mtakatifu kabisa. Mashavu yake yalikuwa yamejaa.

Ule ulikuwa wizi wa mchana kweupe, ingawa ilikuwa jioni. Mimi ni mtu wa sheria, kama mnavyonijua. Lakini niliendelea kula wali wangu mkavu, na safari hii sikumsema.