Jiko la Mtu Mfupi

Duka la kutoa nakala lilikuwa limefurika. Wanafunzi, makarani, bibi arusi na kadi zake, kila mtu ana haraka kuliko mwenzake, na mashine ni moja, tena mbovu. Katikati ya msukumano huo, mwanamke mmoja mrefu, gauni la manjano limemkaa kiunoni utadhani alizaliwa nalo, aligongana na kijana mwenye penseli sikioni. Makaratasi yao yaliyoviringishwa yakaanguka. Kila mmoja akaokota lake, akaomba samahani, akaenda zake.

Lake! Wapi. Jioni simu ikalia.

"Dada, habari ya jioni. Namba yako nimeikuta pembeni ya karatasi. Nimekunjua ramani mbele ya mteja wangu, nikakuta mikono miwili na kola."

Mwanamke akakunjua karatasi iliyokuwa juu ya meza ya kukatia nguo. "Ala! Na mimi hapa nimeshika vyoo vinne na ngazi."

"Vitunze vyoo vyangu tafadhali. Ndivyo vinavyonilisha."

"Na wewe usiikunje kola yangu. Ya bibi arusi hiyo."

"Harusi yako?"

"Umeulizwa?"

Akacheka yeye kwanza, halafu na mwenzake akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichowaponza. Wiki hiyohiyo walibadilishana karatasi, kisha vikombe vya chai, kisha siri za utotoni. Mtaani mwanamke aliitwa Fundi, kwa kuwa hakuna aliyemshinda kwenye cherehani. Kijana, mchora ramani, aliitwa Penseli hata na mama yake mzazi.

Mapenzi yakanoga, Penseli akapelekwa kumsalimia mama yake Fundi, nyumba ikaanza kuzungumzwa. Kiwanja kilikuwa cha Fundi, alichoachiwa na marehemu baba yake. Kidogo jamani! Ukipiga chafya upande huu, jirani wa upande ule anakuombea afya. Lakini Fundi alikuwa amekilipia kwa ujana wake. Alimuuguza mzee mpaka mwisho, na mchumba wake wa kwanza, aliyekuwa akimjibu kila siku kwa kusitasita "nitakusubiri tu", akachoka kusubiri, akaoa kwingine. Hakujuta kumlea baba. Ila tangu hapo mwanamume akimjibu kwa kusitasita, nywele zilimsimama. Kiwanja hiki na moyo huu ndivyo alivyobakiwa navyo, na sasa vyote alikuwa anaviweka mkononi mwa mtu mmoja.

Penseli alikuwa na desturi yake ya kazi. Hachori jiko bila kumpima mwenye jiko. Anamsimamisha mtu bila viatu, anamwambia akunje kiwiko, anapima kutoka sakafuni, na hapo ndipo anapojua meza ya kupikia ikae wapi. Fundi naye alipimwa.

"Simama wima. Usisimamie vidole, mpenzi."

"Sisimamii. Ndivyo nilivyo."

"Twiga wangu. Hutainama kwenye jiko langu hata siku moja."

Raha ilioje! Kwa siku kadhaa Fundi alishona huku akiimba. Halafu ramani ikaja.

Ghorofani vyumba vya kulala, chini sebule na jiko lake la mtu mrefu. Na pale mbele, karibu na geti, kulikuwa na kitu ambacho hawakukizungumza.

"Na hii?"

"Nyumba ya pembeni," Penseli alisema. "Chumba, jiko, bafu. Inashikana na nyumba kubwa, ila ina mlango wake."

"Ya nani?"

"Aa... ya kupangisha. Kiwanja kidogo lazima kitumike vizuri."

Fundi aliinama juu ya karatasi. Macho yake yalizoea vipimo vya mikono na viuno, na jiko lile la pili lilimgomea. Meza yake ilikuwa chini mno. Haikuwa meza ya kubahatisha. Kuna mtu alisimama bila viatu mbele ya Penseli, akakunja kiwiko.

"Mpangaji wenyewe mfupi," akasema, kwa sauti ya mzaha.

Penseli akabonyeza penseli mpaka ncha ikakatika. "Wapangaji ni wa kila aina, kipenzi."

Kipenzi! Siku hiyo neno lilimwasha kama upupu.

Kwenye mashine ya pili, ndani ya kibanda kile cha ushonaji, alikaa rafiki yake waliyemwita Redio. Habari ikimfikia asubuhi, mchana mtaa mzima unayo. Fundi alijua hivyo, na bado akamweleza, maana kifua kilikuwa kimejaa.

"Mfupi," Redio akahesabu vidole. "Na nini tena?"

"Hataki ngazi, mlangoni hakuna hata moja. Mlango wa bafu mpana, na ukutani kuna vyuma vya kushikilia."

Redio akaacha kukanyaga cherehani. "Hawezi ngazi? Anataka kushikilia ukuta? Weee! Mjamzito huyo!"

"Nyamaza."

"Ninyamaze vipi? Mwenzio anajengewa kwenye kiwanja chako, kwa ramani yako, tena na mlango wake! Ukishaolewa utakuwa unampelekea na chumvi."

Fundi akamwambia hana adabu, akakata uzi, akakosea mshono, akaufumua, akaukosea tena. Kuanzia hapo kila mwanamke mfupi aliyeingia kununua vifungo alipimwa kwa jicho kutoka kiwiko hadi chini. Maskini wateja, hawakujua wanashtakiwa.

Jioni moja alimpitia Penseli kazini. Alipofika kwenye ngazi akamsikia juu, anaongea na simu kwa ile sauti ya upole aliyodhani ni yake peke yake.

"Hapana, sijamwambia. Hajui kitu. Mlango wako ni wako, hakuna wa kukubughudhi... Ndiyo, asubuhi jua litakufikia kitandani. Kesho njoo kiwanjani uone mwenyewe, wameshaweka kamba."

Fundi hakupanda ngazi ile. Akageuka, akarudi nyumbani, na simu ya Penseli ilipoita hakuipokea. Ilipoita tena akaifunika na mto. Alilia kwa hasira, na alilia pia kwa kuwa alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Asubuhi akavaa gauni lake la manjano. Kama ni kuachana, basi aachane akiwa amependeza! Tepu yake ya kupimia ilikuwa shingoni kama kawaida, wala hakukumbuka kuivua.

Kiwanjani vigingi vilikuwa vimepigwa, kamba zimevutwa kuonyesha kuta zitakapokaa. Ndani ya chumba cha kamba, pale karibu na geti, Penseli alikuwa amepiga goti mbele ya mwanamke mfupi aliyempa mgongo Fundi. Mwanamke amekunja kiwiko. Mkono wake mwingine umeshika bega la Penseli, umelishika kwa mazoea.

Fundi akasogea. Akaona kitu kilichomchemsha damu. Gauni lile! Kitambaa cha zambarau, mshono wa pembeni wa kujificha ambao mtaani anaujua yeye tu. Mwanamume huyu anampa mwanamke mwingine hata nguo alizoshona yeye?

"Endelea!" akafoka. "Mpime vizuri! Mpime na tumbo kabisa!"

Penseli akaruka. Mwanamke akageuka polepole, hatua ndogondogo kama anayekanyaga mayai.

Alikuwa mama mzazi wa Fundi.

Fundi alimtazama mama, akatazama gauni. Alilishona mwenyewe, kwa vipimo alivyovikariri tangu zamani, akampelekea kwa kaka yake mkubwa, kule mama anakoishi, ghorofani. Kila alipokwenda kumwona alimkuta amekaa kwenye kiti, na akamwacha amekaa. Kumbe pindo la gauni lilikuwa limekunjwa likashikizwa kwa mkono, mishono mikubwa ya mtu anayetetemeka, na bado lilifagia vumbi.

"Mama. Umekuwa hivi tangu lini?"

"Nyonga, mwanangu. Mgongo nao. Ngazi za kwa kaka yako sasa nazishuka kwa makalio kama mtoto anayejifunza." Akajaribu kucheka.

"Na mimi sijui! Yeye anajua!"

"Siku ile uliyonipeleka nimsalimie," Penseli akasema, "ukiwa jikoni unapika chai, mama aliinuka akataka kuanguka. Nikamdaka. Akaniapisha."

"Mimi ndiye niliyemwapisha, usimgombeze mtoto wa watu," mama akasema. "Ningekwambia, ungefanya nini? Ungesema harusi isubiri, nyumba isubiri, nimlee mama kwanza. Kama ulivyofanya kwa baba yako. Nilikuona ukilia jikoni mwaka ule, ukidhani nimelala. Sitaki nikulize mara ya pili. Nilitaka uolewe kwanza, halafu nije kama mpangaji tu, na mlango wangu."

Machozi yakamtoka Fundi bila kuaga. Alikuwa na aibu, maana alikuwa amemsoma mama yake mzazi kwenye karatasi, urefu na udhaifu wake wote, akamwita mwizi wa mume. Lakini hasira nayo haikuisha. Akamgeukia Penseli.

"Mama ulimwahidi. Na mimi je, uliniahidi nini? Nimelala nikilia kwa sababu yako."

"Nilikosea," Penseli akasema. "Nilimwogopa mama, kumbe wewe ndiye wa kuogopwa. Nisamehe, mpenzi wangu."

"Mlango uko wapi?"

"Mlango gani?"

"Kati ya jiko langu na la mama. Hapa hakuna mlango, umeweka ukuta mtupu. Akianguka nizunguke nje kwa kupitia getini?"

"Mimi ndiye niliyekataa," mama akasema. "Sitaki kuingiliwa."

"Basi komeo likae upande wako. Ukitaka kunifungia, unifungie. Mimi sitakufungia."

Mama akafikiri. Akatikisa kichwa kukubali, na Penseli papo hapo akachomoa penseli sikioni, akachora mlango kwenye ramani.

Fundi akavua tepu shingoni. Akapiga goti kwenye vumbi na gauni lake la manjano, akampima mama yake upya, kutoka bega mpaka kifundo cha mguu. Akaitazama tepu, akaitazama tena.

"Umepungua, mama."

"Wewe ndiye uliyezidi kurefuka," mama akasema, akimfuta uso kwa kanga. "Na huyu umemsamehe?"

"Huyu bado." Fundi akainuka, akajipangusa magoti, akamkabili Penseli. "Simu zote kuanzia leo unapokea mbele yangu."

"Zote."

"Vua hilo koti. Nyoosha mikono."

"Ya nini?"

"Suti. Au unataka kunioa na hilo shati?"

Penseli akavua koti upesi, mkono mmoja ukanasa, akauvuta, akasimama katikati ya kamba na mikono yake miwili imenyooka, anacheka na macho yamelowa. Mama akashika kigingi asianguke kwa kucheka.

Fundi akamzungushia tepu kifuani, akakaza kuliko inavyotakiwa.

"Simama wima," akamwambia. "Na usisimamie vidole."