Unga Kwenye Mpira Mweusi

"Hivi, baba yako hulala saa ngapi?"

Jirani yao mshonaji alimuuliza Chiriku swali hilo asubuhi moja, pini zikiwa zimebanwa mdomoni. Jina la Chiriku alipewa na bibi yake kwa sababu ya kusema sana. Lakini siku hiyo aliinama, akajifanya anafunga kamba za kiatu.

Kwa kweli hakujua. Usiku baba alikuwa kwenye tanuri la mikate. Asubuhi alirudi macho mekundu, akanywa chai amesimama, akasukuma mkokoteni kwenda kugawa mikate madukani. Mchana alijilaza, lakini mlango wa jirani ukigongwa, yeye ndiye aliyeinuka.

"Baba yako anakula usingizi kama mgonjwa anavyokula uji," bibi alisema huku akichambua mchele. "Kijiko kimoja, anasukuma bakuli. Mungu amtie nguvu tu."

Na jioni za ligi, badala ya kulala, baba alikwenda kucheza snuka.

Snuka huchezwa kwenye meza kubwa iliyovikwa kitambaa cha kijani, yenye mifuko pembeni. Mchezaji huusukuma mpira mweupe kwa ncha ya fimbo, nao huugonga mpira wa rangi ili utumbukie mfukoni. Mweusi ndio wenye alama nyingi kuliko yote, na ndio wa mwisho kuingia. Meza ya timu yao ilikuwa nyuma ya duka la kinyozi, katika chumba walichokiita ukumbi, kilichokuwa zamani ghala la magunia. Kinyozi ndiye aliyekuwa nahodha. Timu ilikuwa yeye, baba, na fundi viatu. Basi.

Tangu mama yake Chiriku alipofariki, baba alicheka mahali pamoja tu, nako ni kwenye meza ile. Nyumbani alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliye ugenini. Ukumbini alicheka mpaka mabega yakatikisika. Ndiyo maana Chiriku alipenda kwenda naye. Alikaa chini ya karatasi ya kanuni iliyobandikwa ukutani, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kusoma, alizisoma kanuni zile mpaka zikamkaa kichwani.

Mojawapo ilisema kwamba timu mwenyeji itoe mwamuzi ambaye hachezi. Wao walikuwa watatu na wote walicheza. Waliwahi kumwomba muuza maji awe mwamuzi, akasinzia kwenye kiti mpaka akaanguka. Ndipo Chiriku aliposema, "Mimi naweza." Katibu wa ligi alikuja, akamwuliza maswali mpaka yakamwishia, kisha akakuna kichwa.

"Kanuni haitaji umri," alisema. "Mpeni glavu."

Glavu zilishonwa na yule jirani kutoka kwenye shuka kuukuu. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kipana kama cha mtu mzima, lakini Chiriku alizifua na kuzipiga pasi kama sare ya shule.

Msimu ule haukuwa mzuri. Fundi viatu mgongo ulimuuma. Nahodha alikuwa na hasira za karibu. Baba alicheza vizuri mwanzoni, kisha uchovu ukamshukia na mikono ikawa mizito. Walipoteza huku, wakapoteza kule, mpaka mechi ya mwisho ikawakuta karibu na mkia. Na kanuni iliyoandikwa chini kabisa ya karatasi ilisema hivi: timu itakayoshika mkia itatoka kwenye ligi, na meza, ambayo ni mali ya ligi, itahamia kwa timu mpya.

Wakishinda, meza inabaki. Wakishindwa, inabebwa.

Siku ya mechi hiyo, Chiriku alifika mapema kuandaa meza. Kitambaa cha snuka kina mlalo wake, kama manyoya ya paka, kwa hiyo alikipiga brashi kwa kufuata upande mmoja, kuelekea mahali pa mpira mweusi. Kisha nahodha akapitisha pasi yenye joto kidogo, taratibu, huku akijisemea.

"Baba yako yuko wapi? Mbona hatumwoni?"

"Tanuri limepasuka, Mjomba. Tangu asubuhi anamsaidia fundi kulijenga."

"Kwa hiyo hajalala?"

Chiriku akaanza kuifuta mipira. Nahodha akaiweka pasi chini, akapiga mwayo mrefu hata fundi viatu naye akaambukizwa. "Haya," akasema. "Tutacheza tukiwa maiti."

Wageni walikuwa timu ya wauguzi wa hospitali. Nahodha wao, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, aliingia na viatu vya wodini, akaketi kwenye benchi na kuegemeza kichwa ukutani. "Mkiona nimefumba macho msiniamshe," alisema. "Zamu yangu ikifika ndipo mniguse." Wakacheka, kicheko cha watu waliochoka, kifupi.

Baba aliwasili akiwa na koti la kazi, unga umemganda mpaka kwenye nyusi. Shati lake safi, alilopigiwa pasi na Chiriku, lilikuwa bado limetundikwa nyumbani kwenye msumari.

"Kanuni inataka shati safi," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. Ilimuuma kulisema, lakini ndiyo kazi ya mwamuzi.

"Najua, mwanangu." Baba akamgeukia nahodha wa wageni. "Dada, nimetoka kazini moja kwa moja. Kwenda nyumbani na kurudi nitawachelewesha. Mnanikubalia hivi hivi?"

Muuguzi akafungua jicho moja, akamtazama juu mpaka chini. "Kaka yangu, unafanana na andazi. Cheza. Hata mimi nimekuja na viatu vya wodi."

Hivyo mechi ikaanza. Fundi viatu alishinda mchezo wake, akaketi ameshika kiuno. Nahodha alipoteza wake, akaigonga fimbo sakafuni. Ukabaki mchezo wa baba na muuguzi, na huo ndio ungeamua yote.

Walicheza polepole, kama watu wanaopanda ngazi na mizigo kichwani. Muuguzi akikosa, baba naye anakosa. Chiriku alihesabu alama, akautoa mpira mfukoni, akaufuta na kuurudisha mahali pake pale kanuni ilipotaka. Miguu ilimuuma. Hatimaye mezani ukabaki mpira mweusi peke yake pamoja na mweupe. Baba alikuwa nyuma kidogo tu. Akiuingiza mweusi, ameshinda. Na kila mtu mle ndani alijua kanuni ya mweusi wa mwisho: faulo ya kwanza inamaliza mchezo, na alama saba zinakwenda kwa mpinzani.

Ilikuwa zamu ya baba. Mweusi ulikuwa umelala karibu na ukingo. Muuguzi alikuwa benchini, amefumba macho. Fundi viatu alikuwa akijikanda mgongo, uso ukutani. Baba alizunguka meza, akainama nyuma ya mpira ule ili aone njia yake ya kuelekea mfukoni. Akauegemeza mkono kwenye ukingo apate kupumzika kidogo, na mkono wa koti ukaugusa mpira.

Mweusi ukatikisika kama mtu aliyeshtuka usingizini, kisha ukatulia palepale. Juu yake ukabaki mchirizi mweupe wa unga.

Baba hakuhisi kitu. Macho yake yalikuwa kwenye mfuko.

Chiriku akafungua kinywa. Neno lilikuwa moja tu, nalo alilijua vizuri kuliko jina lake: faulo. Halikutoka. Akainua macho, na ng'ambo ya meza akakutana na macho ya nahodha. Nahodha alikuwa amejikausha. Taratibu akaleta kidole mdomoni, kama mtu anayejikuna sharubu.

Baba akarudi upande wa pili, akainama, akapiga. Mweupe ukaenda, mweusi ukaenda, na mfuko ukasema "tup."

"Eee bwana wee!" fundi viatu alipiga kelele akasahau mgongo. Muuguzi akafumbua macho, akapiga makofi mawili matatu ya heshima. Na baba akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha ukumbini, mabega yakitikisika, unga ukimwagika kutoka kwenye koti.

Mchezo ulikuwa haujaisha bado. Kwa kanuni za ligi, mchezo unaisha mwamuzi anapotangaza alama. Chiriku akatia mkono mfukoni mwa meza, akautoa mpira mweusi. Mchirizi ulikuwepo. Glavu yake ilikuwa nyeupe, na unga mweupe. Kwa kupitisha kidole gumba mara moja, usingeonekana popote duniani.

Nahodha akamsogelea, akanong'ona kwa sauti ya upole ambayo Chiriku hakuizoea. "Ufute, mwanangu, utangaze twende tukalale. Mtazame baba yako. Lini umemwona hivyo nyumbani?"

Chiriku akamtazama baba. Akaiwazia meza ikitolewa mlangoni, miguu juu. Akamwazia baba jioni ya ligi amekaa nyumbani, ametabasamu kwa adabu. Kisha akamtazama muuguzi, ambaye alikuwa anajikokota kuja kumpa baba mkono, na viatu vyake vya wodi.

"Faulo," akasema.

Sauti ilitoka nyembamba. Ikabidi arudie. "Faulo. Koti liliugusa mpira kabla ya kupiga. Nilichelewa kusema. Alama saba kwa wageni."

Fundi viatu akaushika tena mgongo wake.

"Koti gani? Nani kaona?" Nahodha akapaza sauti. "Mtoto kachoka, anaota! Wageni, ninyi mmeona faulo hapa?"

"Mimi nilikuwa nimefumba macho," muuguzi alisema. "Siwezi kusema niliona au sikuona."

Chiriku akanyoosha mkono, mpira juu ya kiganja. Baba akasogea. Akautazama ule mchirizi, akautazama mkono wa koti lake, akauinua usawa wa taa. Kicheko kilikuwa kimeshamtoka. Uso ulirudi ule wa asubuhi, wa chai ya kusimama.

"Ni unga wangu," akasema. Akamgeukia muuguzi na kumpa mkono. "Umeshinda, dada. Hongera."

Muuguzi hakuuachia mkono ule upesi. "Hii ina maana meza yenu inaondoka?"

"Inaondoka."

Akafikiri, akijisugua macho kwa kidole. "Msimu ujao timu yetu inapungukiwa na mtu. Mmoja wetu anahamishwa. Kanuni inaruhusu kumsajili mchezaji wa timu iliyotoka, si ndiyo, Refa?"

"Inaruhusu," Chiriku alisema, machozi yakimwendea puani. "Ila asajiliwe kabla ya mechi ya kwanza."

"Umeona? Huyu naye namtaka. Kila mechi tunagombana kwa sababu mwamuzi ni wa mwenyeji. Nitamwambia katibu kwamba sisi tunamkubali huyu hata tukiwa ugenini." Akamgeukia baba. "Lakini kwa sharti moja, kaka. Siku ya mechi unakuja umelala. Nakuona kwa macho ya kazi yangu. Mwili wako unakudai usingizi, na usipoupa kwa hiari, siku moja utajichukulia wenyewe mbele ya tanuri. Utafanyaje?"

"Mkokoteni anaweza kuuchukua mpwa wangu," baba alisema, akijipangusa unga kwenye nyusi. "Ameomba mara nyingi. Mimi ndiye niliyekuwa mbishi."

"Haya, mwache asukume."

Wageni wakaaga, wakatoka wakikokota miguu. Mlango ulipofungwa tu, nahodha akalipuka.

"Umefurahi, Chiriku? Siku zote unasema mpaka masikio yanatuuma, na leo, siku ya kunyamaza, ukaona useme! Na wewe ndugu yangu, mtoto anakuvua nguo mbele za watu, unampa mtu mkono! Mbona ya shati hamkuitaja tena? Nayo si kanuni? Au kanuni zenu zina macho ya kuchagua?"

Chiriku alijiinamia. Baba akaketi benchini, akamvuta binti yake karibu, akaanza kumvua zile glavu, kidole kwa kidole.

"Ya shati tuliomba," alisema. Hakupandisha sauti. Hakuwa na nguvu ya kuipandisha. "Tuliomba mbele ya wote, nao wakatukubalia huku wanaona. Kanuni ikilegezwa hivyo, haijavunjwa. Hii ya mpira, nani aliombwa? Yule dada alikuwa amefumba macho. Kumficha mtu jambo wakati amefumba macho ni wizi, hata kama kilichoibwa ni alama saba."

Akamgeukia Chiriku. "Sikiliza, mama. Nimeumia, sikufichi. Meza hii nilikuwa naipenda. Lakini kama ungeufuta ule unga, kila ningecheka hapa ningekuwa nacheka juu ya jambo unalolijua wewe na mimi silijui. Ungenionea huruma, na huruma ya namna hiyo ingekuchosha kuliko tanuri linavyonichosha mimi. Mwamuzi anayemwogopa mpinzani ni mbaya. Anayempendelea baba yake ni mbaya zaidi, maana anamfundisha baba kushinda bila kujua ameshinda nini. Siku nyingine usichelewe tu. Ukiona, sema."

"Ndiyo, Baba."

"Na jirani akikuuliza tena nalala saa ngapi, mwambie nimeanza kujifunza."

Fundi viatu akacheka kidogo, akashika mgongo, akaanza kuzima taa za juu ya meza. Baba akaziweka glavu mfukoni. Kisha, kana kwamba amekumbuka kitu, akainua macho kwa nahodha.

"Ulikuwa umesimama ng'ambo yangu nilipoinama," alisema. "Wewe hukuona?"

Nahodha alikuwa na fimbo mkononi. Akaitazama ncha yake, akaipangusa kwa kidole chaki inayopakwa hapo isiteleze, ingawa chaki ilishakwisha. Akaiegemeza ukutani pamoja na zile nyingine, akachukua kofia yake, na akatoka.