Wiki Nane Bila Kutafuna

Nyumba yote ilinuka mkate. Baba alikuwa mwokaji, na tanuri lake lilikuwa uani, hatua sita tu kutoka mlango wa jikoni. Mapazia yalinuka mkate. Madaftari ya shule yalinuka mkate. Hata paka alinuka mkate.

Na ndani ya nyumba hiyo hiyo, binti yake wa miaka kumi na moja alikuwa hali akashiba.

Wenzake walimwita Kijiti. Tumbo lilimkata kila siku. Alikwenda chooni mara nane, mara kumi, na siku nyingine ilitoka damu. Alikuwa hakui. Walimpa dawa ya minyoo mara tatu. Minyoo gani hiyo isiyokufa? Mwishowe hospitali wakampima damu na choo, wakapitisha kamera nyembamba tumboni, wakauona: ugonjwa wa Crohn. Utumbo ulikuwa umevimba, una vidonda.

"Hauambukizi," alisema mtaalamu wa lishe, dada mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba. "Na hakuna mtu aliyemroga. Kinga ya mwili wake inapigana na utumbo wake mwenyewe."

Akaweka kopo mezani. Ndani mlikuwa na unga mweupe.

"Tunaanza na hii, lishe ya maji. Unakoroga kwa maji safi. Kwa uzito wake, vikombe sita kwa siku, wiki nane. Chakula kingine hakuna. Maji ya kunywa, ruksa."

Baba akalitazama kopo, akamtazama mama. "Samahani, dada. Mtoto wangu amekonda hivi, halafu wewe unasema asile?"

"Anakula, baba. Humu kuna kila kitu mwili unachotaka. Cha kujenga, cha kutia nguvu, mafuta, vitamini, madini. Uvimbe unatulia, vidonda vinafunga. Kuna dawa kali za kutuliza uvimbe, lakini zinaweza kumchelewesha mtoto kukua. Lishe hii inawasaidia watoto wengi bila kuwachelewesha. Ikishindikana, daktari atatafuta njia nyingine."

"Na mimi nikishindwa kunywa?" Kijiti akauliza.

"Tunapitisha mrija mwembamba puani. Wengi huzoea. Ila wewe nakuona mbishi, utakunywa."

Mbishi kweli. Siku ya kwanza alibana pua.

"Ina ladha ya ukuta," alisema.

"Umewahi kulamba ukuta?" mama akauliza.

"Nilipokuwa mdogo. Hamkuniona tu."

Wakaiweka ipate baridi, wakampa mrija wa kunywea. Ikapita. Siku ya saba, tumbo likanyamaza. Siku ya kumi, alikwenda chooni mara mbili tu. Baba alisimama koridoni akihesabu kwa vidole, mdomo wazi. Unga na maji tu?

Lakini mwokaji ni mwokaji. Kila siku watu walipita mlangoni kwake na mikate ya moto kwapani, na mtoto wake mwenyewe akimeza mate. Uchungu wa mwana haumezeki. Mchana mmoja mama alikuwa kazini. Baba akachukua nyama ya mkate, ile laini ya ndani. Akailoweka, akaiponda, akaichuja mara mbili kwa chekeche lake la unga mpaka ikatiririka kama maji. Akaichanganya kwenye kikombe.

"Si walisema lishe ya maji?" akajiambia. "Haya, maji hayo."

Kijiti alikunywa mpaka tone la mwisho, akalamba midomo. Baba akafurahi machozi yakamlenga. Kesho yake akarudia. Na keshokutwa.

Wiki ya tatu wakarudi hospitali. Kijiti alikuwa ameshika tumbo. Mizani haikusogea.

Mtaalamu akafunua karatasi, akafunga. "Alianza vizuri sana. Kuna kilichobadilika?"

"Hakuna," alisema mama.

"Basi huenda haimfai. Itabidi daktari aanze dawa nyingine."

Baba akahisi kiti kinamchoma. Akajikaza, akashindwa. "Mimi. Nilimtilia mkate. Lakini niliuchuja, dada, mara mbili. Ulikuwa maji kabisa."

Mama aligeuka polepole. "Baba Kijiti. Chekeche?"

"Chekeche."

Mtaalamu hakufoka. "Baba, si umajimaji unaoponya. Mkate uliochujwa ni mkate bado, tumbo halidanganywi na chekeche. Lishe hii inafanya kazi vizuri ikiwa peke yake. Ukichanganya na chakula, nguvu yake inapungua. Usiongeze kitu bila kuniuliza."

"Na wewe, hukuonja tofauti?" mama alimuuliza Kijiti.

"Nilijua tangu siku ya kwanza." Kijiti alitazama chini. "Baba alikuwa anafurahi nikimaliza. Nilimwonea huruma."

Baba akafunika uso kwa viganja vyote viwili.

Daktari akakubali wajaribu tena. Wiki nane, kuanzia siku ile, na kupimwa mara kwa mara.

Sasa baba akaugeuza ufundi wake. Alipima unga kwa kijiko cha kwenye kopo, akausawazisha kwa kisu, punje isizidi. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Mama akaweka sheria: wote mezani pamoja, wao na sahani, Kijiti na kikombe. Alipokasirika waliacha akasirike. Alinuna wiki nzima ya nne, lakini alikunywa.

Tumbo likanyamaza tena. Damu ikakoma. Mashavu yakaanza kujaa. Baba alikuwa akimkodolea macho kama anayetazama jua likichomoza ndani ya nyumba.

Wiki ya nane ilipotimia, mizani ilisema kilo nne zaidi. Vipimo vya damu na choo vilionyesha uvimbe umeshuka sana.

"Ugonjwa haujaondoka," mtaalamu alisema. "Umelala, na tunataka uendelee kulala. Daktari atampa dawa ya kuulinda usingizi huo, na kliniki msikose. Chakula tutakirudisha kidogo kidogo, nitawaandikia kipi kianze."

Baba alikuwa ameshika kopo tupu, analigeuzageuza.

"Una swali, baba?"

"Sina, dada. Nashangaa tu."

Kijiti akamvuta shati. "Baba, nasikia njaa."

Mama akamtazama baba. Mwaka mzima wa kubembeleza, wa kulazimisha, wa kutupa sahani zilizojaa, na mtoto huyu hakuwahi kulitamka neno hilo. Wote wawili wakamwinamia, kama waliosikia mtoto akitamka neno lake la kwanza.

"Rudia," alisema mama.

"Njaa, mama. Nina njaa."