Kidole cha Gisèle

Saa nne asubuhi.

Achille alichora duka kwa chaki juu ya meza. Kaunta. Mlango wa chuma. Barabara. Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja wa Majengo, na kupitia ukuta wa mbao waliwasikia wapishi wakigombania makaa.

"Muzee Rémy haweki pete za zamani kwenye vioo," alisema. "Anazitoa tu kwa wachumba waliokuja wenyewe kuchagua. Mchana, ili jiwe lionekane kwa jua. Akizitoa, mke wake, mama Séraphine, anafunga chuma kwa ndani na kukalia ufunguo. Hamtoki mpaka pete zote tatu alizotoa zirudi juu ya kitambaa."

"Kwa hiyo hakuna kupora," alisema Darius, aliyepangwa kujifanya mchumba wa Gisèle.

"Unapora, unabaki ndani kama panya. Tunabadilisha."

Aliweka nakala ya pete mezani. Dhahabu nyembamba, kioo kilichochongwa vizuri. Fundi aliitengeneza kwa kuangalia picha ambayo Darius aliipiga kwa simu, siku alipokwenda dukani kujifanya anauliza. Pete yenyewe, ile ya dukani, ilikuwa ya mke wa mkoloni mmoja wa mashamba ya kahawa. Tangu benki zifungwe, wenye mali waliificha mali yao kwenye mawe, na mmoja wao alikuwa akisubiri Bunagana, mpakani mwa Uganda. Aliitaka hiyo hiyo, nzima, na herufi zake ndani.

Gisèle aliivaa nakala, akaivua, akaificha kiganjani. Akaivaa tena. Wiki tatu, kila asubuhi, alifanya hivyo. Hakuna aliyeona vidole vyake vikitembea.

"Mikono ya muchawi," Bulonza, mwenye pikipiki, alicheka. "Darius, ukioa huyu, ulale na mifuko imeshonwa."

"Nani amesema kuoa?"

Wote walicheka. Gisèle pia.

Alikuwa na mimba ya miezi minne. Achille angejua, angemtoa kwenye kazi. Darius angejua, Gisèle hakuweza kusema angefanya nini, na ndiyo maana alinyamaza. Darius alikuwa ameahidi: wakifika Bunagana wanavuka wawili, hawarudi. Angemwambia wakishavuka. Mtoto awe na baba, basi. Hakutafuta zaidi ya hapo.

Saa nane mchana.

Mama Séraphine alifunga kufuli, akakaa kwenye kiti cha plastiki, ufunguo ndani ya kitenge. Muzee Rémy alitandika kitambaa cheusi na kupanga pete tatu.

"Bwana ananyamaza," alimwambia Darius. "Hapa muke ndiye anachagua. Weye utaongea kisha ndoa."

"Sikiliza huyo," mkewe alisema mlangoni. "Miaka makumi ine hajanyamaza hata ku misa."

Darius alitabasamu. Kutabasamu alikujua.

Gisèle alishika ya kwanza, akairudisha. Ya pili, akaigeuza kwenye mwanga. Mpango ulitaka achelewe kidogo, kama msichana yeyote anayechagua. Alichelewa kuliko mpango. Hakuna mtu aliyewahi kumwekea vitu vitatu mbele na kumwambia achague.

"Ya tatu, pulizia," alisema muzee.

Alipulizia. Ukungu ulitoweka kwenye jiwe kabla hajafunga mdomo.

"Almasi haikamate mvuke. Na angalia, pande zake hazilingani. Mutu alikata na mukono. Siku ingine alichoka, siku ingine alikuwa na furaha. Yote iko mule."

Akaivaa. Ilipita kiungo kwa shida, ikakaa. Nakala ilikuwa tayari kati ya vidole vya mkono wa kulia. Akavuta.

Pete haikuja.

Picha haina kipimo. Yule mke wa mkoloni alikuwa na kidole cha mtoto, na fundi hakujua. Tena, mchana, kwa joto, mwenye mimba hujaa maji. Mwanamke yeyote aliyezaa angewaambia. Katika chumba kile cha nyuma hakukuwa na mwanamke aliyezaa, na yule mmoja aliyekuwa njiani kuzaa alifanya mazoezi asubuhi tu.

Saa nane na dakika ishirini.

Walijaribu mate. Walijaribu sabuni. Kiungo kilivimba, kikawa chekundu. Mama Séraphine aliacha kiti, akaushika mkono, akabonyeza juu yake kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Akamtazama Gisèle usoni.

"Miezi ngapi, mama?"

Gisèle aliurudisha mkono kifuani.

"Usiogope, si miye nitakupiga. Papa, hongera! Kumbe ndiyo sababu unakimbiza pete."

Darius aliacha kutabasamu.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Muache kwanza, anatoka jasho," alisema Séraphine. "Muzee, ninaleta mafuta ku nyumba. Dakika moja."

Alifungua kufuli. Nje, Bulonza alipiga honi mara mbili. Maana yake ilikuwa moja: mmechelewa, watu wanaanza kuniangalia.

Darius alitoa bastola. Waliipanga itumike barabarani, si dukani. Alimpiga muzee kichwani kwa kitako chake. Muzee alianguka na kitambaa, pete mbili zikaviringika chini ya kaunta, na Darius hakuziokota. Alimsukuma Séraphine ukutani, akamburuta Gisèle nje.

"Mwizi! Mwizi!"

Majengo haisubiri kuambiwa mara mbili. Jiwe la kwanza lilimpata Bulonza begani pikipiki ikiondoka.

Saa tisa.

Achille alikuwa Lac Vert, nje ya mji, nyuma ya rundo la mawe meusi ya volkano, na gari la viazi kutoka Masisi. Bulonza aliwashusha, akaona begani damu yake mwenyewe, akageuza pikipiki kuelekea Sake, mbali na mji. Hakuaga.

"Lete," alisema Achille.

Gisèle alinyoosha mkono. Achille aliutazama, akaelewa. Akammwagia mafuta ya injini kidoleni, akavuta mpaka Gisèle akapiga kelele. Pete haikusogea.

"Kata pete," alisema Gisèle.

"Yule mutu anataka nzima."

"Basi twende hivi. Nitafunga mukono na kitenge."

"Barrier zote za wenye bunduki sasa zinatafuta mwanamke mwenye mukono umefungwa. Yule mama ameona sura yako. Ameona na tumbo." Achille alimgeukia Darius. "Yako?"

"Ya nani ingine?" alisema Gisèle.

Darius alikuwa akiangalia barabara. Vumbi lilikuwa likipanda mbali, upande wa mjini.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekuambia ng'ambo."

"Ungeniambia, tungechukua mwanamke mwingine. Hii yote haingefika hapa."

Alisema kweli. Achille alikwisha kuchukua panga lililokuwa chini ya magunia.

"Darius. Tukikata kidole, tunakwenda wawili? Kama ulivyosema?" aliuliza Gisèle.

"Ndiyo."

"Apa."

"Ninaapa. Haraka."

Gisèle akaweka mkono juu ya jiwe yeye mwenyewe. Akakunja vidole vinne, akaacha kimoja. Darius alimshika kifundo cha mkono kwa mikono miwili, kwa nguvu, usitikisike.

Panga lilishuka mara mbili, kwa sababu lilikuwa butu.

Alipoweza tena kuona, mlango wa gari ulikuwa unafungwa. Darius alikuwa ndani, ananawa mikono kwa maji ya chupa kupitia dirishani.

"Darius."

"Damu itaonekana ku barrier," alisema Achille, akijibu badala yake. "Mwanaume na viazi hawamuangalie."

"Darius, uliapa."

Darius alipandisha kioo. Injini iliwaka. Gari lilipanda kwenye lami, likazunguka polepole, kama gari lolote la viazi, likaelekea mjini, kwenye njia ya Bunagana, kule vumbi lilikotoka.

Saa tisa na dakika ishirini.

Vumbi lilikaribia. Kulikuwa na filimbi ndani yake, na sauti nyingi za watu. Gisèle alifungua kitenge chake kiunoni. Akaufunga mkono kwa kitenge, akakaza fundo kwa meno, akauweka tumboni. Halafu akakaa juu ya jiwe akasubiri kuona nani atafika wa kwanza: wenye bunduki, au watu wa mtaa na mawe yao.