Panzi wa Zambarau

Soko lilikuwa limefurika watu asubuhi ile, lakini mchoraji alisimama mbele ya karai la muuza panzi kama hana pengine pa kwenda. Gauni lake la bluu lilikuwa na madoa ya rangi hadi mikononi.

"Kaka, niuzie mmoja tu. Mzima, usimng'oe mabawa."

"Mmoja? Dada, huyo hata paka hamshibishi!"

"Simli. Namchora."

Jamaa akacheka hadi mwiko ukamponyoka. Miaka yote aling'oa mabawa bila kuyatazama. Siku hiyo aliinua moja kwenye mwanga, akaona mishipa myembamba kuliko uzi. "Kumbe!" akasema, na kesho yake akamwekea mwingine.

Mwezi haukuisha, jamaa akawa anakula kwa mchoraji kila jioni, akija na panzi wa kukaanga kwenye kopo lake la bati. Mchoraji, aliyezoea kula amesimama kando ya sinki, akanunua kiti cha pili.

Siku moja alipata panzi wa zambarau, wa kumi na mbili, wa mwisho kwa maonyesho yake. Akamtia kwenye friji ili atulie, achoreke vizuri. Chombo kilichokuwa karibu ni lile kopo. Akatoka kununua rangi. Aliporudi, nyumba ilinukia kitunguu.

"Karibu mezani, laazizi! Leo nimepika mimi."

"Umepika nini?"

"Panzi wangu, pamoja na yule wa kwenye kopo. Yule wa zambarau nimekuwekea wewe."

"Nimemtafuta miezi mitatu! Kwako kila kitu ni kitoweo tu. Toka!"

Jamaa alipiga simu wiki nzima. Mchoraji aliitazama ikiita mpaka ikanyamaza. Kisha simu ikaacha kuita kabisa, na hapo ndipo upweke ulipomkaba. Kile kiti akakitundikia mkoba ili kisionekane kitupu. Hasira zilipoisha, akapiga yeye, namba haipatikani. Akakimbilia sokoni, akakuta pale pake panauzwa ndala.

Siku ya maonyesho wageni walizisifu picha kumi na moja, wakauliza kuhusu fremu tupu. Yeye alijibu kwa tabasamu, moyoni akitamani kulia.

Mara jamaa akaingia, shati limenyooshwa pasi, viatu vimejaa matope, kopo mkononi limetobolewa matundu.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Porini, kwa shangazi. Huko hakuna mtandao. Fungua taratibu."

Alikuwa wa zambarau, hai, na mabawa yake yote. Mchoraji akalia mbele za watu, wala hakujali.

"Nisamehe, mpenzi. Kopo lilikuwa lako. Ungejuaje?"

"Nitanunua friji yangu, tusichanganye tena."

"Utaiweka wapi? Chumba chako kimejaa makarai."

"Hapo sasa ndipo nimekwama."

Mchoraji akajifuta machozi, akamwachia shavuni doa la rangi alipomgusa.

"Ilete kwangu," akasema. "Ipo nafasi, pembeni ya kiti chako."